Kabla Hujaondoka Tanga Kwenda Kujifunza Kifaransa

Anayetaka kutoka hapa Tanga kwenda kujifunza Kifaransa ugenini huanza kwa kuulizia ada, viza na nauli, nayo ni maswali ya lazima; lakini swali ambalo ningependa litangulie ni hili: ukichoka, utakimbilia lugha gani? Kuishi miongoni mwa wenye lugha humfunza mtu kwa kuwa hana budi kuisema ili apate chakula, chumba na njia. Akipata lugha nyingine ya kumtimizia haja hizo, mafunzo husimama, hata awe katikati ya Paris.

Kwa Mswahili tatizo hili lina sura yake. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia 2022, na kwa hiyo wengi huona Bujumbura au Lubumbashi ndiko kwepesi. Kwa anayekwenda kusoma chuoni au kufanya kazi ofisini, ambako Kifaransa hutumika, ni miji ya kufaa. Sokoni na kwenye teksi, hata hivyo, wenyeji wakishaitambua lafudhi yako ya pwani watakusemesha Kiswahili, tena kwa bashasha, nawe utarudi na marafiki wengi na Kifaransa kidogo. Moroni, Komoro, nako Kifaransa ni cha shule na serikali zaidi, na Kingazija, lugha ya wenyeji, kina undugu wa karibu mno na lugha yetu. Abidjan na Libreville ni habari nyingine, kwani huko Kifaransa kimeingia mtaani na ndicho wanachoelewana nacho watu wa makabila mbalimbali. Ukiamua kwenda Ufaransa, chagua mji mdogo kama Besançon, wenye kituo cha lugha cha CLA kilichoanzishwa 1958, au Vichy, ambako shule ya lugha ya CAVILAM imekuwa ikifundisha wageni tangu 1964. Paris ni pazuri kutembea, lakini mhudumu wa mgahawa akikuona unababaika hukugeuzia Kiingereza kabla hujamaliza sentensi.

Usiondoke ukiwa huna chochote. Katika kipimo cha Ulaya cha kujua lugha, kinachoanzia A1 ya mwanzo kabisa hadi C2 ya umahiri, jitahidi ufikie walau A2 ukiwa nyumbani, kwa sababu asiyeweza hata kuomba maji huishia kujikunyata na wageni wenzake. Alliance Française ya Dar es Salaam ina kozi, na kwa mazoezi ya sikio ipo taarifa ya habari ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, iitwayo Journal en français facile, ya dakika 10. (RFI hutangaza kwa Kiswahili pia, huko usifungulie kwa sasa.) Ikiwa nia yako ni kuendelea na chuo kikuu Ufaransa, fahamu kwamba vyuo vingi hudai B2. Kati ya mitihani ya kupima Kifaransa, cheti cha DELF hakina mwisho wa matumizi, ilhali matokeo ya TCF hudumu miaka 2.

Jambo ambalo vitabu huligusia tu ni tarakimu, na ndizo zitakazokutesa kwanza. Namba ya simu ya Ufaransa ina tarakimu 10, na mwenyewe huitaja mbilimbili. Mwenye nyumba akisema quatre-vingt-seize (yaani nne mara ishirini, kisha kumi na sita), utasikia quatre uandike 4. Utasikia vingt, ufute, uandike 80. Ikija seize utagundua ilikuwa 96, na wakati huo yeye keshapita jozi mbili mbele. Ajabu ni kwamba Mbelgiji, Mkongo na Mrundi husema nonante-six na kumaliza. Saa nazo zina mtego wake: dix-neuf heures, yaani saa 19 kwa hesabu yao, ni saa moja ya usiku kwa hesabu yetu, na anayetafsiri kichwani kila mara hukosa treni. Jizoeze kusoma saa na namba za magari kwa Kifaransa ukiwa bado unapita mitaa ya Ngamiani, hadi ulimi uache kusita.

Kwa upande wa adabu, tumelelewa vizuri kwa safari hii. Sisi tusioulizia bei ya muhogo kabla ya kusalimiana hatutashangaa kwamba muuza mikate wa Kifaransa hutarajia bonjour kabla ya neno lolote, na asiyeitoa huhudumiwa kwa uso mkavu. Mtu mzima usiyemzoea mwite vous, yaani “wewe” ya heshima, na usihamie kwenye “tu”, ile “wewe” ya waliozoeana, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu.

Makaratasi nayataja kwa ufupi. Kozi isiyozidi siku 90 huombewa viza ya Schengen, ambayo hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Kozi ndefu zaidi huhitaji viza ya muda mrefu ya mwanafunzi, ambayo kwa kawaida huthibitishwa mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu kuwasili.

Kuhusu malazi, ikiwezekana kaa na familia badala ya bweni, kwa kuwa mezani wakati wa chakula cha usiku hakuna pa kujificha. Simu za nyumbani zipangie muda wake, ukikumbuka kwamba Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa 2 majira ya baridi na saa 1 majira ya joto, na uwaombe ndugu mapema wasikupigie wakati familia iliyokupokea inakula.