Jibu: Kupanga utenzi kwa hati ya Kiarabu na Kilatini kwenye ukurasa mmoja

Mkuu, umeuliza mawili: kwa nini PDF ya utenzi wako inatoa herufi za Kiarabu zimeachanaachana, na kwa nini nukta ya mwisho wa mstari inarukia kulia. Tena umesema fundi wa kuchapa amekushauri uzipindue herufi kwa mkono. Nakusihi usifanye hivyo. Herufi zilizopinduliwa hukaa sawa kwenye karatasi ile moja tu. Ukiongeza ukubwa wa fonti mistari inakatika vibaya, na mtu akitafuta neno ndani ya faili hatalipata kamwe.

Nimepanga vijitabu vya kasida na tenzi vya namna hii, na ninachosimamia ni kimoja: lugha na mwelekeo viandikwe kwenye matini yenyewe, kwa alama za HTML (lugha ya kurasa za wavuti). CSS, yaani kanuni za mwonekano, ibaki na mavazi. Aya ya hati ya Kiarabu iwe `<p lang="sw-Arab" dir="rtl">`, ya Kilatini iwe `<p lang="sw-Latn">`. Hapo `sw` ni Kiswahili, `Arab` na `Latn` ni hati, na `rtl` ni kulia-kushoto. Nukta haina mwelekeo wake, inafuata aya. Aya isipotajwa kuwa ya kulia-kushoto, nukta hutupwa kulia, ambako kwa msomaji wako ndiko mstari unakoanzia. Ukiweka `direction: rtl` kwenye CSS tu, siku matini yatakaponakiliwa kwenda kwingine mwelekeo unabaki nyuma.

Herufi kuachana kuna sababu zaidi ya moja, na ya kwanza kuitazama ni fonti. Kiswahili kina herufi ambazo Kiarabu chenyewe hakina: پ ya p, چ ya ch, ڤ ya v, na ڠ ya ng'. Fonti nyingi za Kiarabu zina tatu za mwanzo, ya nne hukosekana. Hapo kivinjari huiazima ڠ kutoka fonti nyingine, na herufi mbili za fonti tofauti mara nyingi haziungani vizuri. Andika "ng'ambo" uikuze: huenda ukaona ڠ imesimama peke yake, unene wake mwingine, na herufi inayofuata imeanza upya kama neno jipya. Dawa ni kuchagua fonti yenye herufi zote. Mimi hutumia Amiri au Scheherazade New ya SIL (shirika linalotengeneza fonti za lugha nyingi). Wale wanaotofautisha e na i, o na u kwa alama za ziada (kwa namba za Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta: U+0656 chini, U+0657 juu) wazijaribu nazo kabla ya kupanga kitabu kizima.

Sababu ya pili ni `letter-spacing`, nafasi kati ya herufi. Kichwa cha habari cha Kilatini kinapendeza kikitanuliwa, lakini ukitanua hati ya Kiarabu unavunja maungio. Kwa hiyo:

`:lang(sw-Arab) { letter-spacing: 0; font-style: normal; font-synthesis: none; font-size: 1.3em; }`

Hati ya Kiarabu haina italiki, ile unayoiona kwenye skrini ni kivinjari kimelaza herufi kwa nguvu. Ukubwa nauongeza kwa sababu kwa kipimo kilekile Kiarabu huonekana kidogo kando ya Kilatini. Kwenye aya zenye irabu, `line-height` (kimo cha mstari) isiwe chini ya 1.9, la sivyo kasra (alama ya i, chini ya herufi) ya mstari wa juu inagongana na shada (alama ya kukaza, juu ya herufi) ya mstari wa chini. Angalia pia kwamba `:lang(sw)` hushika hati zote mbili, hivyo taja Latn au Arab waziwazi.

Kama PDF unaitoa kwa XSL-FO (lugha ya kupanga kurasa za kuchapwa) na Apache FOP (programu inayoigeuza kuwa PDF), hakikisha toleo ni 1.1 (la mwaka 2012) au jipya zaidi. Matoleo ya kabla yake hayakujua kuunganisha herufi hizi. Na `writing-mode="rl-tb"` ikae kwenye `fo:block-container`. Ukiiweka kwenye `fo:block` ya kawaida haifanyi kitu, na kosa hilo halitoi onyo lolote.

Mpangilio wa ukurasa, mimi hupenda Kilatini kushoto na Kiarabu kulia. Kila hati inaanzia ukingo wa nje na ubeti unakutana na mwenzake katikati, jicho la mwanafunzi linavuka kirahisi.

Kama matini uliyapata kwa kunakili PDF ya zamani, kagua isijekuwa yana herufi za U+FE70 hadi U+FEFC, yaani maumbo yaliyogandishwa. Yapitishe kwenye NFKC (kanuni ya Unicode ya kusawazisha herufi) yarudi herufi za kawaida, kisha usome mpangilio wake, maana NFKC hainyooshi kilichopinduliwa.

La mwisho ni ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu. Namba yenye vistari ikitanguliwa na herufi za Kiarabu, makundi yake hubadilishana nafasi. Ifungie ndani ya `<bdi dir="ltr">` (alama ya HTML inayoitenga ikasomwa kushoto-kulia), na fanya hivyohivyo kwa namba za simu za jalada la nyuma.