Kabla ya volti, niambie pH

Wiki hii tena maswali karibu yote ya kupaka utando kwa umeme ndani ya mchanganyiko wa kemikali ni "volti ngapi". Nachukua matano.

Mwanafunzi wa Tunguu: Nataka utando wa oksidi ya shaba juu ya glasi ya FTO (ile yenye tabaka linalopitisha umeme), niweke volti ngapi?

Hili nshalijibu mara tatu na hakuna hata mmoja aliyenitajia pH yake, yaani kipimo cha asidi na besi. Jamani, volti bila pH ni namba tupu. Changanya salfeti ya shaba 0.4 M (M ni moli kwa lita) na asidi ya laktiki 3 M, alafu pandisha pH kwa kostiki soda kidogo kidogo maana inachemka kwelikweli, na miwani usoni, jicho halina spea. Laktiki ndo inayoishika shaba isigeuke tope. Pasha mpaka 60°C, hapo ndo tuongee volti, karibu na -0.4 ukipima kwa elektrodi rejea ya Ag/AgCl (fedha na kloridi ya fedha), ukizidisha kwenda hasi unapata shaba tupu inayong'aa badala ya ule wekundu wa kahawia. Na pH ndo inayopanga kristali: karibu na 9 nyingi zinaelekea sura ya 100, karibu na 12 zinaelekea 111 (namba hizo ni majina ya nyuso za kristali), glasi ileile na shaba ileile.

Wa Wete: Natumia chaja ya simu ya volti 5, yanatoka mapovu na utando unabanduka.

Hizo volti 5 ziko kati ya vipande viwili, glasi na mwenzake, glasi yako imepata ngapi hujui, na mapovu ni haidrojeni ya maji yenyewe. Tafuta elektrodi ya tatu, ile rejea, na potenshiostati, mashine inayoishikilia glasi kwenye volti uliyotaka. Ukikosa basi shika mkondo mdogo usiobadilika na uhesabu chaji, kulombu 1 kwa sentimita moja ya mraba inakupa kama maikromita 1.2 za Cu2O (ndo hiyo oksidi ya shaba), ikiwa mkondo wote umeingia kwenye utando. Na glasi uioshe, vidole vina mafuta.

Wa Jambiani: Maji ya kisima nikiyachuja yanafaa?

Hayafai. Huko kwenu ni jiwe la matumbawe, maji yana chokaa, na pwani chumvi inaingia. Chujio halitoi kilichoyeyuka, na kloridi ikiingia kwenye utando inabadilisha tabia yake ya umeme, alafu unakaa wiki nzima unalaumu mashine. Nunua maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, lakini soma chupa, maana kuna maduka asidi nayo wanaiita maji ya betri.

Wa Mkoani: Oksidi ya zinki kwa joto letu hili la kiangazi?

Halitoshi, nenda 70°C, la sivyo unabakiwa na haidroksidi.

Wa Chwaka: Mchanganyiko uliobaki nimwage wapi?

Si baharini wala si chooni! Shaba ni sumu kwa mwani, na kina mama wanalima mwani hapo hapo. Tia kwenye chupa ya plastiki, andika kilichomo, irudishe maabara uliyochukulia kemikali.