Kwa mhasibu kijana aliyepata mtoto: panga siku yako kuanzia usingizi wake

Karibu kila mwaka idara yetu hupokea wahasibu wapya, na haipiti muda mrefu mmoja wao hunivuta pembeni na habari njema: mke wake amejifungua, au anakaribia. Baada ya hongera, swali huwa lile lile. "Kaka, hii kazi na mtoto vinaendaje pamoja?" Nimelea watoto nikiwa kwenye kazi hii, ninaishi upande wa Kimara na ofisi yangu iko Posta, hivyo nitakayosema ni ya maisha hayo: Dar es Salaam, foleni, na kazi yenye tarehe zisizosogezwa. Aliye Mwanza au Dodoma atapunguza saa za barabarani, mengine yatamfaa.

Kina baba wengi hupanga siku kuanzia ofisini. Mtu anaandika saa ya kuripoti, saa ya kutoka, muda wa barabarani, kisha kinachobaki ndicho cha mtoto. Kwa mkazi wa Dar kinachobaki huwa ni kuanzia saa moja na nusu au saa mbili usiku, na muda huo mtoto mdogo ameshalala au anapaswa kuwa kitandani. Ndiyo maana nakwambia uigeuze hesabu. Anza na usingizi wa mtoto, uandike kwanza, halafu ofisi itafute nafasi yake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa saa za usingizi kwa watoto wadogo. Kwa siku nzima, pamoja na usingizi wa mchana, mtoto wa hadi miezi mitatu anahitaji saa 14 hadi 17, wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16, wa mwaka mmoja hadi miwili saa 11 hadi 14, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13. Chukua huyo wa mwisho. Kama basi la shule linampitia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, anaamshwa saa kumi na moja. Tuseme mchana amelala kwa muda wa saa moja. Ili apate saa 10, ambazo ndizo za chini kabisa, inabidi awe amelala saa mbili kamili usiku. Sasa niambie, wewe uliyetoka Posta saa kumi na moja jioni na kukwama Magomeni, utamkuta macho?

Wapo wanaoamua mtoto asilale mpaka baba afike. Naelewa upendo ulio ndani ya uamuzi huo, lakini anayeulipia ni mtoto, kwa kusinzia darasani kesho yake. Usimkeshe. Jioni ya siku za kazi ichukue kama bahati: ukiwahi, mshukuru Mungu na ucheze naye. Ila usiifanye nguzo ya ratiba, kwa sababu mwenye jioni yako ni barabara, na barabara hailali njaa kwa ajili ya mtoto wako.

Nguzo iwe asubuhi. Alfajiri hakuna bosi anayepiga simu, hakuna kikao kilichochelewa kuisha. Kwa mtoto wa shule, amka wewe kabla yake, umwogeshe, umvalishe, umpe uji, umfikishe kwenye basi. Ni dakika arobaini au hamsini, lakini zinarudi kila siku ya shule, na mtoto anayezipata anajua ni za baba yake. Mengi utakayokuja kuyajua kuhusu mtoto wako, nani anamsumbua darasani, mwalimu gani anampenda, atakwambia akiwa anavaa soksi.

Kwa mtoto mchanga au wa mwaka mmoja mambo ni magumu kidogo. Wengi wetu huondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu ili tuiwahi foleni, na mtoto huyo anaamka saa kumi na mbili. Anayefanya hivyo siku tano mfululizo, na kurudi saa mbili usiku, atamwona mtoto akiwa macho Jumamosi na Jumapili tu. Hapa lazima uzigawe siku. Siku za mzigo, ondoka mapema. Siku nyepesi, baki naye mpaka saa moja asubuhi, na uwe umeshakubaliana na mkuu wako kwamba siku hizo utaingia saa tatu na kutoka baadaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Namna ya kuzipanga ndani ya siku ni jambo la kuzungumza, na mkuu wa idara husikiliza zaidi anapoletewa jedwali kuliko anapoletewa malalamiko. Mwonyeshe siku zipi utawahi, zipi utachelewa, na kazi ipi itakuwa mezani kwake kabla ya saa ngapi.

Hilo la siku za mzigo na siku nyepesi ndilo linalotupa nafuu sisi wahasibu kuliko daktari wa zamu au dereva wa lori la Tunduma. Ugumu wetu una tarehe. PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, inatakiwa ilipwe ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, ni tarehe 20. Awamu za kodi ya makadirio, kwa kampuni inayofunga mwaka Desemba, ziko Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya mwaka ya kampuni hiyo hiyo ni mwisho wa Juni. Wakaguzi wa nje nao hutoa taarifa kabla hawajaja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kukushtukiza.

Mtoto naye ana tarehe zake. Akizaliwa anapata BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio. Kisha kuna chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na katikati yake kuna kupimwa uzito kliniki. Siku anayozaliwa, kaa na kalenda uhesabu. Mtoto aliyezaliwa 26 Januari, mwaka ambao Februari ina siku 28, wiki yake ya 6 inaangukia 9 Machi, ya 10 inaangukia 6 Aprili, ya 14 inaangukia 4 Mei. Tazama hiyo ya katikati. Tarehe 7 Aprili ni siku ya mwisho ya PAYE, na ni sikukuu ya Karume pia, kwa hiyo tarehe 6 idara nzima inakimbizana na benki. Ukiligundua hilo Januari, unapanga mishahara na PAYE vikamilike siku chache kabla, na asubuhi ya kliniki unaondoka na amani. Ukiligundua asubuhi yenyewe, mama ataenda peke yake.

Ninachofanya ni kuweka kalenda moja tu, ya ofisi na ya nyumbani pamoja, na nakala yake inabandikwa ukutani jikoni. Mke wangu anajua kwamba kati ya tarehe 1 na 7, na tena kati ya 17 na 20, jioni zangu hazina uhakika. Akijua mapema anamwomba mdogo wake aje, au tunakubaliana na dada wa kazi abaki na watoto kwa muda mrefu zaidi siku hizo na apumzike siku nyingine. Na yeye akijua tarehe zangu mbaya, ana haki ya kunidai tarehe zangu nzuri. Kuanzia tarehe 8 hadi 15 hivi sina sababu ya kubaki ofisini baada ya saa kumi na moja. Mkuu akileta kazi ya jioni katika siku hizo, naomba niimalize kesho yake asubuhi, na mara nyingi inakubalika, kwa sababu anajua tarehe 20 sitamwangusha.

Kwa wanaosomea CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu, nina neno la ziada. Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya wahasibu, huwa Mei na Novemba. Kama mtoto anatarajiwa Machi au Aprili, tafakari vizuri kabla ya kujisajili masomo mengi kwa Mei. Miezi mitatu ya kwanza mtoto ananyonya usiku kucha, na kichwa kilicholala vipande vipande hakishiki viwango vya taarifa za fedha. Masomo machache yaliyosomwa vizuri yatakufikisha. Ukisoma, soma usiku baada ya mtoto kulala, kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu, kisha ufunge kitabu, maana alfajiri inakusubiri na ndiyo nguzo yako.

Likizo. Ile sheria ya ajira niliyoitaja inampa baba siku 3 zenye malipo, na lazima zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya wenzetu wana wiki 2. Siku 3 zinaweza kuishia kwenye korido za hospitali, hasa mama akijifungua kwa upasuaji. Kwa hiyo usiile likizo yako yote ya mwaka mapema. Unastahili siku 28 kwa mwaka, pamoja na sikukuu zinazoangukia ndani yake. Tenga angalau wiki moja, umweleze mkuu wako kwa maandishi wakati mimba bado changa, na umtajie nani atashika kazi zako. Katika siku hizo za mwanzo shughulikia pia kumsajili mtoto RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, jambo ambalo linatakiwa lifanyike ndani ya siku 90. Ni kazi ya makaratasi, na wewe makaratasi ndiyo fani yako.

Kipindi kizito zaidi, ambacho wengi hawakioni kinakuja, ni mama anaporudi kazini. Likizo yake ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12, na mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Pengo hilo linaihusu ratiba yako wewe. Sheria inampa mama saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kaeni pamoja mwone atazitumia vipi: achelewe kuingia, awahi kutoka, au azigawe. Akichagua kuwahi kutoka, asubuhi inakuwa yako kabisa, pamoja na maziwa yaliyokamuliwa, vikombe vilivyochemshwa, na maelekezo kwa dada. Anzeni mpangilio huo wiki mbili kabla hajarudi, ili mtoto auzoee na nyinyi muuzoee.

Hapo kuna jambo la nyumba zetu ambalo lazima niliseme. Mtoto akizaliwa nyumba inajaa kina mama: mama mkwe, shangazi, majirani. Wote wanakuja kwa mapenzi, na wote watakwambia wewe nenda kazini, huku kuna wenyewe. Ukikubali kila kitu, arobaini ikiisha wataondoka, na wewe utabaki hujui hata kumshika mtoto majini. Omba kwa heshima, tena mapema: "Mama, shikamoo. Leo naomba unifundishe kumwogesha." Sijawahi kumwona mama mkwe aliyekataa ombi hilo. Chagua kazi moja ya mtoto iwe yako mwanzo hadi mwisho, iwe kuoga, iwe kliniki, iwe kumbeulisha baada ya kunyonya usiku. Ukiishika, ishike pamoja na ununuzi wake na kumbukumbu zake. Baba wa kliniki ndiye anayejua kadi iko wapi, uzito wa mwezi uliopita ulikuwa kilo ngapi, na tarehe ya kurudi ni lini, bila kumuuliza mtu.

Kuhusu simu ya mkononi sina mengi. Saa ya mtoto ikianza, iwekwe chumba kingine. Makundi ya WhatsApp ya ofisi yatakuwepo baadaye.

Homa ndiyo itakayovunja ratiba yoyote utakayoandika. Mtoto ataungua usiku wa tarehe 19, na asubuhi anatakiwa apimwe malaria, hakuna kusubiri mpaka VAT iishe. Jiandae kwa usiku huo wakati kila mtu bado ana afya njema. Nyumbani, kubalianeni nani anampeleka hospitali kama ni usiku wa kazi ngumu kwako, na nani kama ni kwa mama, na kadi ya bima iwe mahali panapojulikana na wote. Ofisini, pata mwenzako mmoja mfundishane kazi zenu, na ahakikishe anatambulika kwenye mfumo kwa jina lake mwenyewe ili asihitaji nywila yako. Ifanye ritani iwe imeandaliwa na kuhakikiwa kufikia tarehe 17, zibaki siku mbili tatu za akiba. Hapo mtoto akiamka na joto, utapiga simu moja, utasema faili liko wapi na kimebaki nini, na mtaelekea hospitali.