Kuchekesha Berlin: kwa anayeanza kupanda jukwaani ugenini

Kama ulikuwa unachekesha Dar au Nairobi na sasa umetua Berlin, huhitaji Kijerumani ili upande jukwaani. Stendapu ya Kiingereza ipo karibu kila usiku kwenye baa za Neukölln, Kreuzberg na Friedrichshain. Openi maiki, yaani maonyesho ambayo yeyote anaweza kupanda kujaribu, nyingi unajiandikisha mtandaoni, unapewa kama dakika tano, kiingilio hakuna, na mwisho kofia inapitishwa watu watie chochote. Ukiona taa ya simu inamulikwa kutoka nyuma, muda wako unaisha. Malizia. Anayezidisha hafokewi, ila haitwi tena.

Kazi ipo kwa watazamaji. Meza moja ina Mbrazili, Mturuki, Mpolandi na Wahindi wawili, na Kiingereza wote wamejifunzia ukubwani. Wanasiasa wetu hawawajui. Ule utani wa Mchaga na hela, uliovunja watu mbavu nyumbani, hapa unadai maelezo ya dakika tatu, na ukishaanza kueleza umekwisha.

Wengi hukimbilia mapenzi, wazazi na simu, eti ni mambo ya dunia nzima. Ndiyo, lakini aliyekutangulia kayasema, na atakayekufuata atayasema pia. Mimi nashauri uanzie kwenye yale yanayomtesa kila mgeni wa mji ule. Kuna Anmeldung, kuandikisha anwani, ambayo sheria inataka ifanyike ndani ya wiki mbili tangu uhamie, huku miadi yenyewe ikipatikana kwa mbinde. Kuna maduka kufungwa Jumapili. Kuna chupa za plastiki unazorudisha dukani upewe senti zako 25. Hayo yote anayajua hata aliyefika mwezi jana, na humohumo ndimo unapenyeza ya kwenu.

Chukua mfano wa daladala. Ukianza na "kwetu kuna konda ananing'inia mlangoni," watakutazama kama wako mbugani. Anza na treni ya chini ya ardhi: hakuna geti, unaingia tu kama kwa shangazi yako. Jirani yako kavaa jaketi la kawaida, kabeba begi mgongoni. Milango ikishafunga anasimama, anatoa kitambulisho, kumbe mkaguzi: tiketi, au faini ya euro 60. Hapo watu wanacheka kwa uchungu, maana pengine yupo aliyeshikwa asubuhi hiyohiyo. Sasa mlete konda wetu, anayesikika tangu kituo cha nyuma, anayekubembeleza upande, anayekuita mrembo, halafu chenji "anasahau". Hujaeleza kitu, na konda kaeleweka.

Ongea taratibu kuliko ulivyozoea, na ukishatoa panchi, ile kauli inayoleta kicheko, funga mdomo. Kicheko cha ukumbi wa lugha nyingi huchelewa kidogo, na ukiujaza ukimya ule kwa neno jingine umekizima mwenyewe. Panchi ikae mwishoni mwa sentensi, kwenye neno jepesi.

Lafudhi yako itaje mara moja, kama huna budi, uendelee. Kipo kicheko rahisi cha kuidhihaki Afrika, njaa na simba na kijiji, na Wazungu watakupa bila kusita. Mimi sikipendi. Ngoja siku Mwafrika mwenzako akae kiti cha mbele, uone utakavyomkwepa macho.

Pesa ya kofia haitoshi kodi ya nyumba, hilo lijue mapema. Na kama una kibali cha masomo, ruhusa ya kuajiriwa siyo ruhusa ya kujiajiri. Hiyo ya pili inaombwa idara ya uhamiaji. Ukianza kulipwa kama msanii huru, jisajili ofisi ya kodi, kisha ulizia Künstlersozialkasse, mfuko ambao kwa msanii aliyekubaliwa hubeba takriban nusu ya michango ya bima ya afya na pensheni. Kwa kawaida wanataka kipato kizidi euro 3,900 kwa mwaka, lakini anayeanza husamehewa sharti hilo miaka mitatu ya mwanzo. Fomu zake ni ndefu, Kijerumani kitupu. Zijaze ukiwa na daftari pembeni, maana humo kuna seti nzima ya vichekesho.