Mwanya ulio nyuma ya paleti si nafasi ya bure: msiuzibe

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma swali la mwenzetu mara mbili kabla ya kushika kalamu. Anasema mkaguzi wa bima alipita kwenye ghala lao, akawaagiza waondoe katoni walizopanga kwenye mwanya ulio kati ya safu mbili za raki (rafu ndefu za chuma za kupangia paleti, yaani vichanja vya mbao vya kubebea mzigo) zilizopeana mgongo. Yeye anahoji: mwanya si ndio unaoupa moto hewa na njia ya kupanda? Si afadhali mzigo ubanwe, ushikane, moto ukose pa kupita?

Mkuu, swali lako ni la haki. Nimefanya kazi za maghala miaka 19, na kwa miaka mingi ya hiyo niliamini kama unavyoamini wewe. Jibu langu ni refu kwa sababu jambo hili lilinigharimu, na sitaki likugharimu na wewe.

Kwanza, umeona sawa. Moto ukiwaka chini ya raki yenye mwanya utapanda, tena haraka, kama unavyopanda kwenye dohani. Ila ghala lenye springla, vile vichwa vya kumwaga maji vinavyofungwa darini, limepangwa likitegemea hivyo hivyo: moto upande. Springla haina macho. Ni kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani, au vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa lehemu inayoyeyuka upesi, na kazi yake yote ni kusubiri joto. Zile zenye kimiminika chekundu hupasuka kwenye nyuzi 68, nyingine nyuzi 74. Na kila moja hufunguka kivyake. Wanaodhani ikifunguka moja zinafunguka zote wamekosea.

Chukulia springla iko juu kwenye kenchi, mita tisa au kumi kutoka sakafuni, na cheche imeangukia paleti ya chini kabisa. Mwanya ukiwa wazi, joto linapanda wima mpaka darini na kuigonga springla iliyo juu ya moto wenyewe. Ile inafunguka moto ungali mdogo. Maji nayo yanashuka kupitia mwanya ule ule, yanalowesha mbavu za katoni na migongo ya paleti mpaka chini kwenye kiini cha moto. Joto linapanda na maji yanashuka kwa njia moja. Ukiiziba, umezuia vyote viwili.

Ukiziba, moto haukosi njia. Unatafuta nyingine, na nyingine ipo: uwazi ulio chini ya kila paleti, pale zinapoingia uma za folklifti (gari la kunyanyulia mzigo). Pale pana mbao kavu, pana hewa, na juu pamefunikwa na mzigo kama paa. Moto unatambaa humo kwa ulalo, kutoka paleti hadi paleti, hakuna tone linaloufikia. Joto likija kutokea darini, linatokea mahali pengine. Springla zinazofunguka ni za pale, na maji yake yanaangukia juu ya mzigo uliozungushiwa nailoni na kuteleza kama mvua kwenye jani la mgomba.

Halafu kuna hesabu ya maji. Springla za dari za aina ya ESFR, yaani zinazofunguka mapema na kumwaga maji mengi, zinazofungwa sana kwenye maghala marefu, kwa kawaida hupigiwa hesabu ya vichwa 12 kufunguka kwa pamoja. Pampu na tangi vimenunuliwa kwa hesabu hiyo. Joto likitawanyika na vikafunguka vichwa 25, presha inashuka kwa vyote, na pale penye moto hasa panapata maji ya kunawia mikono.

Sasa nieleze nilivyojifunza. Ghala lilikuwa Dar es Salaam, upande wa viwandani Barabara ya Nyerere. Sitalitaja. Raki levo nne. Tulihifadhi pampasi, tishu, sabuni za unga na vyombo vya plastiki. Mwezi wa Desemba mzigo wa sikukuu uliingia kuliko nafasi tuliyokuwa nayo. Uongozi ukasema kila futi ya ghala inalipiwa kodi, basi itumike. Mimi ndiye niliyekuwa supavaiza wa zamu. Niliwaambia vijana wasimamishe katoni za tishu kwenye mianya ya nyuma, safu tano. Vijana walifanya kazi nzuri, zilikaa kama matofali. Nilijisifu kwa ile kazi.

Moto ulianza Jumamosi jioni, kwenye ekstensheni iliyokuwa inachaji vifaa vya kusoma lebo, mwisho wa safu ya tatu. Mlinzi alikimbilia mpira wa zimamoto, akamwagia mbele, moshi ukawa unatokea bei ya pili (bei ni nafasi kati ya nguzo na nguzo za raki), kisha ya nne. Springla ya kwanza niliyoisikia ikifunguka ilikuwa mbali na pale moto ulipoanzia. Nakumbuka nilisimama nikiangalia maji yanamwagika kwenye korido tupu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walifika na wakapambana mpaka alfajiri. Hakufa mtu, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Kibarua mmoja alivuta moshi akalazwa siku mbili, na nilikaa naye hospitali nikishindwa kumtazama usoni.

Jumatatu tuliingia na mkaguzi. Upande wa pili wa safu ile ile ya tatu kulikuwa na bei mbili ambazo katoni zilituishia kabla hatujazijaza. Pale moto ulifika na maji yakashuka nao: katoni zimelowa, zimebabuka upande mmoja, lakini zimesimama. Hatua chache kutoka hapo, tulipojaza, bimu, vyuma vya mlalo vinavyobeba paleti, zilikuwa zimepinda kama miwa na levo ya juu imeshuka juu ya levo ya chini. Springla ni zile zile na mzigo ni ule ule. Tangu siku hiyo siwezi kupita kwenye raki bila kuchungulia nyuma yake.

Tuje kwenye vipimo, maana kuambiwa "acha nafasi" hakumsaidii mtu mwenye paleti 800 za kupanga.

Mianya iko ya aina mbili. Wa mgongo ni ule unaopita kwa urefu kati ya safu mbili zilizopeana mgongo. Wa ubavu ni ule ulio kati ya paleti na paleti, na kati ya paleti na nguzo. Kipimo kinachotajwa sana kwa mgongo ni inchi 6, yaani milimita 150. Kwa ubavu utakuta inchi 3 hadi 6, kutegemea kanuni aliyoifuata mbunifu wa mfumo wenu, kwa hiyo soma michoro ya springla, usikisie. Na mianya inatakiwa ilingane kutoka levo ya chini hadi ya juu. Mwanya wa levo ya kwanza ukifunikwa na paleti ya levo ya pili, hapo huna mwanya.

Maghala mengi yameharibika kabla hata ya paleti ya kwanza kuingia, siku ya kununua raki. Piga hesabu hii. Fremu ya raki ina kina cha milimita 1000. Paleti ina kina cha 1200, kwa hiyo inatokeza 100 mbele na 100 nyuma. Fundi akaunganisha safu mbili kwa viungo vya mgongo vya milimita 200. Paleti za pande zote mbili zinatokeza 100 kila moja: 200 toa 200, mwanya wako ni sifuri. Hakuna aliyekosea kupanga, raki zilifungwa hivyo. Kwa fremu hiyo unahitaji kiungo cha 350. Ukichukua fremu ya 1100, paleti inatokeza 50 kila upande, kiungo cha 250 kinakutosha. Tofauti ya bei ya vyuma hivyo ni ndogo sana, na watu hawaulizi.

Ubavuni, bimu ya milimita 2700 yenye paleti mbili za upana wa 1200 inakubakizia 300, unazigawa mara tatu, mwanya wa 100 kila mahali. Vizuri. Lakini katoni zikivimba au zikipangwa kutokeza ukingo wa paleti, mzigo ukawa 1300, unabakiwa na 100 tu kwa mianya mitatu, hata vidole viwili haviingii. Ndiyo maana nasema mwanya unalindwa pale mzigo unapopangwa juu ya paleti na kuzungushiwa nailoni. Folklifti ikishaunyanyua umechelewa. Na paleti zinazokuja na makontena si za ukubwa mmoja. Nimekuta 1200 kwa 1000, 1200 kwa 800 na 1100 kwa 1100 kwenye safu moja. Zitenganisheni.

Dereva wa folklifti naye tumuelewe. Yuko chini, anaangalia juu mita saba, haoni nyuma. Anasukuma mpaka asikie imegota, na inagota kwenye paleti ya upande wa pili. Tukimkaripia tunamwonea, kwa sababu hana alama ya kumwambia simama. Sisi tulichora mstari wa rangi ya njano kwenye bimu ya mbele, ukingo wa paleti ukikaa hapo basi nyuma pako sawa. Kuna vizuizi vya chuma vinavyofungwa nyuma, vinasaidia, ila muulizeni kwanza aliyetengeneza raki, maana dereva akizoea kuvigonga kila paleti raki inaumia.

Kingine tulichofanya ni cha bei ya bure. Fundi seremala alitukatia vijiti vya mbao vya upana wa sentimita 15, tukavipaka rangi nyekundu. Kila Ijumaa mchana mtu mmoja anapita na kijiti, levo za chini kwa mkono, za juu akichungulia kwa tochi kutoka mwisho wa safu. Ukisimama mwisho wa safu ukamulika, mwanga unatakiwa utokee upande wa pili. Usipotokea, kuna kitu: katoni iliyodondoka, nailoni iliyoning'inia, paleti iliyosukumwa. Tunaandika namba ya bei na inashughulikiwa kabla ya zamu kufungwa.

Jihadharini sana na plaiwudi. Nimeona maghala mengi wakitandika plaiwudi juu ya bimu ili katoni ndogo zisidondoke. Umetengeneza dari juu ya kila levo. Kwa kanuni za Marekani za kufunga springla, NFPA 13, shelfu isiyopitisha maji ikizidi eneo la futi za mraba 20, kama mita za mraba 1.9, inahesabiwa kuwa imeziba, na hapo mara nyingi mnatakiwa kufunga springla ndani ya raki zenyewe. Tumieni wavu wa waya, ambao zaidi ya nusu yake ni uwazi.

Na juu kabisa, msibananishe mzigo na springla. Za kawaida zinataka inchi 18 chini yake, ESFR zinataka inchi 36, karibu mita moja. Hili wengi wanalijua, sitalirefusha.

Sasa kuna jambo nalazimika kulisema wazi, kwa sababu maghala mengi ya kwetu hayana springla kabisa. Kama ghala lako halina, mwanya peke yake hautakuokoa. Joto litapanda darini na halitakuta wa kulijibu. Hapo kinga yako ni nyingine: punguza urefu wa mzigo, acha korido pana zinazotenganisha safu, weka vigunduzi vya moshi vinavyofanya kazi, na ondoa umeme wa kuungaunga ndani ya raki. Mianya iache vilevile, ukija kufunga springla baadaye usianze kung'oa raki. Ila asije mtu akakwambia umekamilika kwa sababu tu umeacha inchi 6.

Pia msichanganye makopo ya dawa za kupulizia na mzigo mwingine. Tarehe 21 Juni 1982, ghala kubwa la Kmart huko Falls Township, Pennsylvania, liliteketea likiwa na springla. Makopo yenye gesi yalilipuka na kuruka yakiwaka, yakasambaza moto huku na huko. Kwa mzigo wa namna hiyo mwanya na springla za kawaida havitoshi, unahitaji eneo lake lenye uzio wa waya.

Mkuu uliyeuliza, mkaguzi wenu amewasaidia. Toeni hizo katoni wiki hii, msisubiri barua yake. Kisha pima vitu vitatu uniwekee hapa: kina cha fremu, kina cha paleti pamoja na mzigo ulivyotokeza, na urefu wa viungo vya mgongo. Sema na springla zenu ni za aina gani. Imeandikwa kwenye kichwa chenyewe na kwenye bamba lililo karibu na vali kuu. Nikipata hivyo nitakupigia hesabu ya safu kwa safu, na kama kuna raki ya kusogeza nitakwambia ni ipi.