Usilipie hiyo antena, mimi ilinila laki na tisini

Mkuu simama hapohapo, hela usitoe. Umesema king'amuzi kinagandaganda, fundi kakwambia uchukue ile antena ndefu na busta (kile kidude cha kukuza mawimbi) juu yake. Yani fundi wangu aliniambia hivohivo neno kwa neno, nahisi wamekaa dawati moja.

Mi nipo Chanika, hapa Dar. Jamaa akaja na dude kama mgongo wa samaki aliyeliwa, 85,000, busta 35,000, bomba la kuipandishia 40,000, yeye 30,000 na soda juu. Akatoboa bati (mpaka leo mvua ikinyesha tunatega beseni), tukawasha, ule mstari wa nguvu kwenye skrini ukapanda mpaka 92, akapiga makofi. Mstari wa ubora chini yake unasoma 0. Chaneli hata ya dawa hakuna. Eti "bosi iache ipate moto kwanza", antena ipate moto ni pasi ile?? Na bado nikamlipa, chekeni tu, mke wangu alishawatangulia.

Kumbe kijiti kinachonasa mawimbi urefu wake unafuata masafa (yani mawimbi yanatetema mara ngapi kwa sekunde, sio umbali), sio ubabe. Chukua 150 gawanya kwa masafa ya megahezi, unapata urefu kwa mita. Hivi ving'amuzi vya antena viko UHF (masafa ya juu), tuseme megahezi 500, inakuja 0.3, yani sentimita 30, kwenye chuma chenyewe inapungua kidogo. Mali yangu ilikuwa na vijiti vya 75 hivi, hiyo ni ya VHF (masafa ya chini ya UHF) ya megahezi 200, mzigo wa enzi za analojia ambayo Dar ilizimwa 31 Desemba 2012! Kaniuzia marehemu. Na busta nayo haina macho, inakuza mawimbi na makelele yote kwa pamoja, ndo ile 92 juu sifuri chini.

Nikaja kununua ya UHF 25,000, wife akauliza hiki si cha mishkaki. Vijiti vingi vya mbele vinaifanya isikie mbali lakini upande mmoja tu, kwahiyo dogo alikuwa juu ya bati anaizungusha pole pole mi nipo ndani napiga kelele "hapohapo! umepitiliza, rudi!" Chungulia na za majirani zinazoshika, kama vijiti vimelala na wewe laza, vimesimama simamisha. Ubora ukagota 78, busta ipo kabatini mpaka leo.

Wewe beba rula ya mtoto ya shule, ile ya sentimita 30, nenda nayo dukani. Pima kile kijiti kinachofungwa waya, kikiipita rula kwa mbali geuza urudi nyumbani, muuzaji akicheka mwache acheke, mbona wangu hakucheka na laki ikaenda. Au ipige picha uiweke hapa leo kabla fundi hajafika, na rula iwe pembeni.