Unalenga juu, mpira unapita chini

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni kedi, mbeba fimbo za wachezaji, Mangapwani, kwenye kile kiwanja cha gofu cha mashimo 9, na jioni nikipata nafasi nacheza mwenyewe. Mikwaju mirefu naiweza. Tabu yangu ni kuputi, kule kuusukuma mpira shimoni, pale grini, yaani uwanja wa nyasi fupi wenye shimo, ilipoinama. Naona kabisa mpira utapinda kushoto, nalenga kulia mwa shimo, lakini kila mara unapita upande wa chini. Wenzangu wanasema fimbo yangu mbovu, ninunue nyengine. Nifanyeje?
Kedi, Bumbwini

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Fimbo iache, na hao washauri waulize kama hawana zao za kuuza.

Hebu niambie: unapolenga kulia, umeshaamua mpira uende kwa kasi gani? Maana mpira mmoja huo huo, mteremko huo huo, ukipigwa kwa nguvu haupindi sana. Ukienda taratibu unachukuliwa. Na pindo kubwa huja mwishoni, mpira unapoishiwa mwendo. Basi anza na kasi. Mimi napenda ule ambao ukikosa shimo utasimama futi moja mbele yake. Ukiputi kuteremka, hesabu pindo kubwa zaidi. Kupanda, dogo.

Kuhusu kuusoma mteremko, usichuchumae nyuma ya mpira tu. Nenda upande wa chini ulitazame shimo kutoka huko, kisha simama katikati ya njia, miguu umeipanua kidogo. Mguu unaoelemewa ndio upande wa chini. Karibu na bahari macho hudanganyika mno, nyayo si sana. Masika, mvua ikikatika, nenda kaangalie maji ya grini yanakimbilia wapi. Hilo ni somo la bure. Na nyasi zenyewe hulala upande. Zikikung'aria zinalala kwenda mbele, mpira utakimbia. Zikionekana nyeusi zinakuja kwako, ongeza mkono.

Sasa tufike kwenye ugonjwa wako. Shimo lina upana wa milimita 108, lakini mpira unaopinda kushoto hauingilii mbele. Huingilia ubavu wa kulia, upande wa juu. Ukishaupata mlango huo, unaichora njia kichwani, unaona pale inapofika juu kabisa, unalenga hapo hapo. Ndipo unapokosea, na si wewe peke yako. Mpira huanza kuteremka tangu unapoachana na fimbo, haungoji ufike kwenye kona. Ukilenga kileleni mwa njia, utapita chini ya kilele, na shimoni utapita chini vile vile. Lenga juu zaidi ya hapo. Utajiona kama umerukwa na akili, lenga tu.

Jaribu hivi. Weka mpira hatua nne kutoka shimoni, na sarafu kwenye kilele cha njia. Chomeka vijiti viwili vya tii, vile vya kuwekea mpira wa kuanzia, shubiri moja mbele ya mpira, mwanya upite mpira tu, na lango hilo lielekee juu ya sarafu. Mwenzako afunike shimo kwa kofia usiwe unalichungulia. Kazi yako ni kupita langoni bila kugusa vijiti, na mpira ukanyage sarafu. Ukipita chini ya sarafu, geuza lango juu zaidi. Nguvu usiongeze.